Muswada Uliouawa kwa Kicheko

Msomaji, kama umebana pumzi tangu Jumapili iliyopita, sasa iachie taratibu, maana nyundo ya Spika imeshagonga meza na hakuna wa kuirudisha juu.

Ko!

Ubao wa kura ukutani ulikuwa mwekundu mtupu. Majina tisini na matatu mekundu, moja tu la kijani. La kijani lilikuwa la Brennan Oyloe, miaka ishirini na sita, muuza matairi ya trekta, mbunge wa miezi miwili na mwenye muswada wenyewe.

Wabunge walikuwa bado wanacheka. Hawakujua kwamba wameua.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Mheshimiwa Arlys Tvedt, mama wa miaka sabini na mmoja, kwenye kiti chake cha nyuma kabisa. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kijani ili abadilishe kura yake. Akabonyeza. Hakuna kilichobadilika. Akabonyeza tena, na tena, kama mtu anayeita lifti iliyoharibika.

"Darlene," Spika Nystuen akamgeukia karani wa Bunge, "mbona ubao umefungwa?"

"Umegonga nyundo, Mheshimiwa Spika."

"Nimegonga kuwanyamazisha hawa!"

"Kanuni ya arobaini na moja haiulizi umegonga kwa nini," akasema Darlene bila kuinua macho. "Inasema ukigonga, nafunga. Nimefunga."

"Basi fungua!"

"Kitufe cha kufungulia hakipo. Niliomba kiwekwe mwaka juzi, mkapiga kura ya hapana."

Kicheko kikaanza kukatika, kiti kimoja baada ya kingine, mpaka ukumbi mzima ukawa kimya.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, sikiliza haraka. Katika Bunge hili la jimbo, mbunge mpya hutaniwa kwa muswada wake wa kwanza. Huulizwa maswali ya kipuuzi hadi jasho limtoke. Halafu wote hubonyeza nyekundu, ubao huwaka kama tanuri, kijana wa watu hukaribia kulia, wazee hucheka hadi kushika mbavu. Kisha wote hubadilisha kuwa kijani, muswada hupita, na mwenye muswada huwa ameshawaletea wenzake keki ya nyumbani. Mambo yamekuwa hivyo tangu enzi za babu zao. Hakuna muswada wa kwanza uliowahi kuanguka.

Mpaka leo, saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Na leo ndiyo siku ya mwisho. Muswada ambao haujapita hapa kufikia saa sita kamili mchana hauendi Seneti, na usipokwenda Seneti umekufa, mpaka Bunge likutane tena baada ya miaka miwili.

Arlys aliondoa kidole kwenye kitufe. Yeye ndiye aliyewachekesha wote leo. Yeye ndiye aliyesimama na kumuuliza kijana wa watu, uso mkavu, kama muswada wake unahusu pia radi, na kama radi nayo itapaswa kutoa taarifa ya siku thelathini kabla ya kupiga. Ukumbi uliangua kicheko, na yeye akaketi akijipongeza.

Wanachojua wabunge wenzake ni hicho tu. Wewe, msomaji, unajua zaidi.

Unajua kwamba muswada ule haukuwa wa Brennan. Ulikuwa wa Arlys.

Miaka ishirini na miwili mama huyu amekaa Kamati ya Nishati. Amevaa kofia ngumu za mitambo ya umeme mara nyingi kuliko kofia za kanisani. Bei ya uniti anaijua kwa wilaya zote, mwaka hadi mwaka, na kwenye harusi watu humkimbia kwa sababu akikushika mkono lazima akueleze jinsi kampuni inavyopandisha tozo ya nguzo. Na kila Bunge lilipokutana alileta muswada mmoja uleule: kampuni yoyote isimkatie mtu umeme wa nyumbani kuanzia Novemba hadi Aprili.

Mara kumi aliuleta. Mara kumi uliuawa. Sababu ilikuwa jina lake. Lowell Vandersloot, bwana anayelipwa na Kampuni ya Umeme ya Tamsen Valley kuwabembeleza wabunge koridoni, alikuwa na mazoea ya kusoma majina ya wenye miswada tu. Akiona "Tvedt", anaanza kazi. Asipoona, anakwenda kunywa kahawa.

Mara hii ya kumi na moja, ya mwisho kabla ya kustaafu, Arlys aliuficha. Aliuita "Marekebisho Madogo ya Ratiba za Huduma", kipengele chenyewe akakizika ukurasa wa nne, na akampa Brennan aulete kama muswada wake wa kwanza. Nani angeupinga muswada wa kwanza?

Ujanja mtamu! Na sasa mwenye ujanja ameuua kwa kidole chake mwenyewe.

Huko wilayani, nyumba mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimeshapata barua nyeupe za Tamsen Valley, za kukatiwa umeme. Zitaanza kukatwa Jumatatu. Nje ya jengo la Bunge kipimajoto kilisoma digrii ishirini chini ya sifuri, na magari yote yalikuwa yamechomekwa kwenye soketi ili injini zisigande.

"Mama Arlys," Brennan alimgeukia kutoka kiti cha jirani, "hii nayo ni sehemu ya utani?"

"Hapana, mwanangu."

"Mbona wamenyamaza?"

"Kwa sababu wamekuona."

Kweli, ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Brennan. Halafu macho yakapanda juu, kwenye jukwaa la wageni, mstari wa mbele. Pale alikaa Bibi Verna Oyloe, nyanya yake, amevaa kofia ya Pasaka katikati ya Februari. Ndiye aliyeamka alfajiri na kuoka masinia kumi na manne ya keki ya maboga. Sasa alikuwa ametoa kitambaa na anajifuta macho.

Aibu iliwashika wale watu wazima kama homa. Mbunge mmoja, mkulima wa soya mwenye mabega kama mlango, akasimama. "Mheshimiwa Spika, naomba tupige kura upya!"

"Na mimi!"

"Na mimi pia! Mimi nilitangulia!"

"Acha uongo, ulikuwa bado umekaa!"

Watu thelathini walikuwa wamesimama, kila mmoja akitaka iandikwe kwamba yeye ndiye aliyemwokoa kijana wa Bibi Verna. Spika akafuta jasho. "Kuna mwenye pingamizi tukipiga upya?"

Hakuna aliyeinua mkono.

Arlys akafumba macho. Asante Mungu. Asante keki. Hakusema neno, kwa sababu kusema kungemwamsha adui.

Alikuwa amechelewa. Adui alikuwa ameshaamka.

Vandersloot alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi cha mbao kinachowatenga wageni na wabunge, hatua mbili tu kutoka kwenye kiti cha Arlys. Zile kelele zilimtoa kwenye kahawa yake. Akaokota nakala ya muswada, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akasoma zaidi ya jina. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Alipofika wa nne, akaweka kikombe chini.

Akaandika maneno mawili kwenye kikaratasi, "Ni Tvedt", akampa askari wa mlangoni, naye akakipeleka mstari wa mbele kwa Duane Kolstad, mwenyekiti wa Kamati ya Nishati. Duane alikuwa rafiki wa Tamsen Valley tangu ujana wake na hakuwahi kuificha. Akasoma. Akageuza shingo taratibu mpaka macho yake yakakutana na ya Arlys.

"Wee Arlys," midomo yake ikasema bila sauti. "Mwizi wewe."

Arlys akamtolea tabasamu la Jumapili. Ndani, moyo ulikuwa unampiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua.

Saa tano na dakika thelathini na nane.

"Mheshimiwa Spika!" Duane alisimama. "Nami naunga mkono kura ipigwe upya. Nani asiyempenda Bibi Verna?" Akapungia jukwaa. Watu wakapiga makofi. "Ila tuipige kihalali. Naomba karani atusomee kanuni ya sabini na tatu."

Darlene hakuhitaji kitabu. "Mbunge yeyote aliyepokea kitu chochote kutoka kwa mwenye muswada hataupigia kura muswada huo."

"Chochote," Duane akarudia kwa upole. "Keki ni kitu, au si kitu?"



"Duane, bwana, acha hizo!" mkulima wa soya akafoka. "Ni keki ya maboga!"

"Sijauliza ina ladha gani."

"Tumekula keki hapa miaka mia!"

"Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa hiyo sikuwahi kujibu," akasema Darlene. "Sasa ameuliza. Keki ni kitu. Waliopokea wasimame."

Huo ndio mkasa, msomaji. Watu walitazamana. Wengine walipangusa midomo, kana kwamba kufuta makombo kunafuta na dhambi. Mmoja alijaribu kukaa, jirani yake akamwinua kwa kola: "Ulikula vipande vitano, nilikuhesabu!" Spika Nystuen mwenyewe alisimama, kichwa chini, maana alikula vitatu na cha nne kilikuwa mfukoni.

Walisimama tisini. Wakabaki wameketi wanne.

Brennan, ambaye bibi yake alimkataza kugusa keki kabla wageni hawajatosheka. Duane, mgonjwa wa sukari. Mzee Merle Fossum, miaka themanini na minne, jirani wa kiti cha Duane, ambaye sinia lilimpita akiwa amesinzia, na sasa alikuwa amesinzia tena.

Na Arlys. Yeye alikaribishwa keki asubuhi mara mbili, akakataa mara mbili kama anavyokataa mtu yeyote aliyelelewa vizuri katika jimbo hili, kisha akakimbilia maktaba kutafuta karatasi kabla hajakaribishwa mara ya tatu. Mara ya tatu hukatai. Mara ya tatu kukataa ni matusi.

Duane akahesabu kwa vidole ili Arlys amwone. Arlys na Brennan, ndiyo. Duane na Mzee Merle, hapana, kwa kuwa Merle hajawahi kupiga kura tofauti na Duane tangu wakae pamoja. Mbili kwa mbili. Na sare, katika Bunge hili, ni kifo.

"Wanne mnaostahili, jiandaeni," akasema Spika kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kulala.

"Subirini!"

Sauti ilitoka juu. Bibi Verna alikuwa amesimama, kofia imekaa upande.

"Bibi, wageni hawaruhusiwi kusema," Spika akaanza.

"Nyamaza, Roald, nilikufundisha Shule ya Jumapili!" Bibi akanyoosha kidole chini. "Duane Kolstad! Mbona hujasimama?"

Duane akacheka kidogo. "Bibi Verna, mimi nina sukari. Dunia nzima inajua."

"Dunia inajua, na mashine ya kahawa inajua zaidi! Ulisimama nyuma yake saa tatu asubuhi ukala viwili vikubwa, ukaniambia, 'Bibi, naomba usimwambie Ardith!'"

Ardith ni mke wa Duane. Kikao kilikuwa kinaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ya jimbo. Hazikupita sekunde tano simu ya Duane ikaanza kutetemeka juu ya meza, ikajisogeza yenyewe hadi ukingoni, ikaanguka sakafuni, ikaendelea kutetemeka huko.

"Mheshimiwa Kolstad?" akauliza Darlene.

Duane alitazama simu. Akatazama kamera. Kijasho chembamba kikamtoka.

"Kimoja na nusu," akasema, na akasimama.

Ukumbi ulilipuka! Watu waliokuwa wanaona aibu sasa walikuwa wanapiga meza. Arlys alishika ukingo wa dawati lake asianguke. Mbili kwa moja. Mbili kwa moja! Hesabu ya miaka ishirini na miwili imekuja kuwa rahisi kiasi hiki? Machozi yalimjia na hakuyazuia. Alikuwa na furaha, msomaji, furaha ya kitoto, na hakuona haya.

"Hongera, Mama Tvedt."

Vandersloot alikuwa ameinama juu ya kizuizi cha mbao, nyuma ya bega lake. Uso wake ulikuwa mpole, umeshindwa, uso wa mtu mzima anayekubali matokeo.

"Miaka yote hii umenitoa jasho," akasema. "Umenishinda kihalali. Nakuvulia kofia."

"Asante, Lowell," akasema Arlys, akijifuta machozi.

"Hujala chochote tangu asubuhi, naona. Karibu." Mkononi alikuwa na kisahani cha karatasi, kitambaa kimekunjwa juu yake vizuri.

"Ah, hapana, asante. Usijisumbue."

"Hata kidogo tu, jamani. Umechoka."

"Hapana, kweli, niko sawa. Wape wengine."

"Mama Tvedt," Vandersloot akashusha sauti, na macho yake yakalegea kama ya mtu aliyeumizwa, "unakataa mpaka cha mkononi mwangu?"

Ilikuwa mara ya tatu.

Mkono wa Arlys ulikwenda wenyewe. Miaka sabini na mmoja ya malezi, mama yake, shangazi zake, meza zote za chakula cha kanisani alizowahi kuketi, vyote vilisukuma ule mkono kwa pamoja. Akapokea kisahani. Akasema, "Haya, asante, umenizidi." Ndipo kitambaa kilipoteleza, akaona kilichomo.

Kipande cha keki ya maboga.

"Mheshimiwa Karani!" Vandersloot alisema kwa sauti ya kengele. "Hebu tazama huku nyuma!"

Darlene akatazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, uso wake ulionyesha kitu kinachofanana na huruma.

"Mheshimiwa Tvedt, umeishika."

"Sikula!"

"Kanuni haisemi kula. Inasema kupokea."

"Lakini amenipa yeye! Yeye siye mwenye muswada!"

"Keki ni ya mwenye muswada. Imepitia mikononi mwake tu." Darlene akaandika jina. "Nasikitika, Arlys. Simama."

Akasimama. Kisahani bado alikuwa amekishika, maana hata wakati huo hakuweza kukiweka chini bila kuonekana mkosefu wa adabu. Vandersloot alirudi hatua mbili nyuma na kurekebisha tai yake.

Saa tano na dakika hamsini na moja. Moja kwa moja. Brennan dhidi ya Mzee Merle. Sare, yaani kifo.

Brennan aliinamisha kichwa mezani. "Nisamehe, Mama Arlys."

"Huna kosa wewe. Nyamaza kwanza, nafikiri." Lakini hakuwa anafikiri. Alikuwa anaziona nyumba mia nne na kumi na mbili, moja moja, na madirisha yake yameganda kwa ndani.

"Tupige kura," akasema Spika. "Mheshimiwa Oyloe, Mheshimiwa Fossum. Amsheni Fossum."

Duane akamtikisa jirani yake begani, kwa upole kama anavyofanya kila siku. Mzee Merle akafumbua macho, akatazama watu tisini na wawili waliosimama.

"Nani kafa?" akauliza.

"Bado hajafa mtu, mzee. Tunapiga kura."

"Kuhusu nini?"

Msomaji, miaka kumi na sita Merle Fossum amekaa katika ukumbi ule, na inasemekana hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Duane akafungua kinywa. Lakini Arlys alikuwa ameshapaza sauti kutoka nyuma: "Karani! Kanuni inanizuia kupiga kura. Inanizuia kusema?"

Darlene akafumba macho. Akapitia kitabu kizima cha kanuni kichwani mwake. "Haikuzuii."

"Pingamizi!" akasema Duane.

"Kwa kanuni ipi, Mheshimiwa?"

Duane akapekua karatasi zake.

"Dakika moja," akasema Spika. "Moja tu, Arlys."

Alikuwa na hotuba. Alikuwa nayo mfukoni tangu Bunge lake la kwanza, kurasa tisa, zenye jedwali la bei na takwimu za wilaya kumi na nane. Aliitoa, akaitazama, akaona hakuna ukurasa hata mmoja wenye mtu ndani yake. Akaiweka mezani.

"Mzee Merle, unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Paza kidogo."

"Kabla sijaja hapa nilikuwa nagawa barua. Wilaya yetu, njia ya kaskazini. Kulikuwa na mama mmoja, Inga Sletten, mjane, anaishi peke yake. Januari moja nikaona barua zake hazitolewi kwenye sanduku. Siku ya tatu nikagonga mlango. Nikaingia."

Arlys akakigeuza kisahani mkononi. Akaendelea.

"Alikuwa amekaa kitini, mzee. Amevaa koti lake na la marehemu mumewe juu yake, na kofia mbili. Mezani kulikuwa na barua ya kukatiwa umeme, ameikunja vizuri, na juu yake ameweka kalamu, maana alikuwa ameanza kuwaandikia jibu. Aliandika, 'Wapendwa, samahanini kwa usumbufu.' Basi. Hakufika mbele zaidi. Huyo ndiye niliyekuja naye hapa. Miaka ishirini na miwili nawasomea takwimu, na sijawahi kuwaambia jina lake, kwa sababu nilidhani mngeniona nalia badala ya kufanya kazi. Muswada huu unasema mtu asikatiwe umeme wakati wa baridi. Hauna kingine. Nimemaliza."

 Mkulima wa soya alikuwa anatazama viatu vyake. Hata ile simu ya Duane ilikuwa imenyamaza sakafuni.

Taya za Mzee Merle zilitafuna kitu kisichokuwepo.

"Aliomba samahani?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Yeye ndiye aliyeomba samahani?"

"Yeye."

Merle akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. "Basi mimi nasema ndiyo."

Arlys akashika kifua. Brennan akaruka kutoka kitini. Vandersloot, nyuma ya kizuizi, aliachia tai yake.

"Sauti haihesabiki, Mheshimiwa Fossum," akasema Darlene haraka, macho kwenye saa. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na nane. "Kinachohesabika ni ubao. Nafungua kura mpya sasa. Na ubao ukiwa wazi, kanuni ya arobaini: hakuna ruhusa ya kusema, wala kuita, wala kupiga kelele. Atakayesema, kura inafutwa, na muda hatuna tena."

Taa ya ubao ikawaka. Jina la Brennan likageuka kijani papo hapo. Lililobaki lilikuwa moja.

Mzee Merle akainamia dawati lake. Akaweka miwani. Akaitoa, akaifuta kwa shati, akaiweka tena. Mbele yake palikuwa na vitufe viwili, na kwa macho yake vyote vilikuwa vya rangi moja, rangi ya matope, kama vilivyokuwa tangu siku ya kwanza alipoingia Bunge hili. Hakuwahi kumwambia mtu. Hakuwahi kuhitaji.

Arlys alielewa kabla ya wote. Aliona kidole cha mzee kikielea juu ya kimoja, kikaenda juu ya kingine, kikarudi. Akataka kupiga ukelele, na akaziba mdomo wake kwa mikono miwili, kisahani kikaanguka.

Na Merle Fossum, taratibu, kwa imani yote ya miaka kumi na sita, akamgeukia rafiki yake Duane Kolstad na kuinua nyusi, kama anavyofanya kila siku, kwa kila muswada, amwonyeshe kipi ni ndiyo.

Duane alimtazama Vandersloot nyuma ya kizuizi. Alitazama jukwaa. Alimtazama Arlys.

Kisha akanyoosha kidole, na mzee akakifuata. Kwenye kitufe kipi, msomaji, utajua Jumapili ijayo.